Dawati la Mafundi: Kompyuta inapozimwa na programu badala ya kidole

Barua za mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zimegongana mahali pamoja: watu wanataka programu ndiyo izime kompyuta au iiwashe upya, na mambo hayaendi walivyotarajia. Tumechagua nane. Amri za Linux na Windows tumeziacha kama zinavyochapwa, maana kompyuta haijui tafsiri.

Shikamoo fundi. Nasoma kompyuta mwaka wa pili. Nimeandika programu ya C kwenye Linux inayoandika alama za wanafunzi kwenye faili kwa fprintf, kisha inaita sync() na reboot(RB_AUTOBOOT). Mwanzo ilikataa, ikasema "Operation not permitted". Nilipoiendesha kwa sudo (yaani kwa haki za msimamizi), kompyuta ikajiwasha upya kufumba na kufumbua, lakini faili la alama nikalikuta lina baiti sifuri. Imekuwaje, na sync niliiweka?
*Mwanafunzi, Sakina, Arusha*

Marahaba. Kukataliwa ndiko kwepesi, tukumalize kwanza. Wito wa reboot unadai haki iitwayo CAP_SYS_BOOT, na mtumiaji wa kawaida hana. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inarudisha -1 pamoja na kosa EPERM, ndiyo sentensi uliyoiona. Wapo wanaochoshwa na sudo wakaipa haki programu yenyewe kwa `sudo setcap cap_sys_boot+ep ./zima`. Inafanya kazi, ila tangu hapo kila awezaye kuendesha faili hilo ana uwezo wa kuzima mashine, kwa hiyo kwenye kompyuta ya chuo usithubutu.

Sasa faili tupu. Herufi unazoandika kwa fprintf hupita vituo viwili kabla ya kutua diskini. Cha kwanza ni bafa, yaani kihifadhi cha muda, iliyo ndani ya programu yako mwenyewe; kwa faili la kawaida huwa na baiti 4,096, na haimwagwi mpaka ijae, au uiamuru, au programu iishe kwa njia ya kawaida. Cha pili ni kache ya kerneli ndani ya RAM. Wito wa sync() husukuma vilivyo kituo cha pili kwenda diskini. Vilivyo kituo cha kwanza hauvijui kabisa, kwa sababu kerneli haijakabidhiwa bado. Alama za darasa la watu 60, mstari mmoja kwa mtu, ni kama baiti 1,200. Bafa haikujaa. Kisha ukaita reboot, na wito huo ukifaulu haurudi: programu haifiki kwenye return, haifiki kwenye exit, bafa haimwagwi. Wakati huohuo fopen kwa "w" ilikuwa imeshalifuta faili la zamani. Kwa hiyo sync yako ilitimiza wajibu wake bila kosa: ilihifadhi faili tupu.

Mpangilio sahihi ni huu:

```
fflush(f);
fsync(fileno(f));
fclose(f);
sync();
reboot(RB_AUTOBOOT);
perror("reboot");
```

Mstari wa mwisho unafikiwa tu kama wito umekataliwa. Kagua pia majibu ya fflush na fsync, maana diski ikiwa imejaa ndipo utakapoambiwa, si kwenye fprintf. Na kwa kuwa hizo ni alama za watu, usiandike juu ya faili la zamani: andika faili jipya pembeni, lifanyie fsync, kisha ulipe jina la lile la zamani kwa rename(). Mashine ikifa katikati, utabaki na la zamani zima au jipya zima.

Hapo umeokoa faili lako. Je, ya wenzako? Hili ndilo vitabu vingi vya darasani hulipita haraka. Ukiita reboot moja kwa moja, kerneli huviarifu vifaa vyake, huandika "Restarting system" na kuondoka. Haiziagi programu nyingine. Haifungi mifumo ya faili. Hifadhidata iliyokuwa katikati ya muamala inakatwa pale ilipo. Kwenye hifadhidata ya MySQL, jedwali za aina ya InnoDB hujitengeneza zenyewe mashine ikiwaka kwa kusoma kumbukumbu ya mabadiliko. Jedwali za zamani za MyISAM hazina kumbukumbu hiyo na mara nyingi hubaki zimevunjika hadi uzikarabati kwa mkono. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, data iliyoandikwa inaweza kukaa kwenye kache hadi sekunde 30 kabla haijahesabiwa kuwa imezeeka na kupelekwa diskini. Hizo ndizo sekunde unazochezea usipoita sync.

Wito huu, basi, ni hatua ya mwisho ya kazi ndefu. Kazi yenyewe hufanywa na systemd, programu inayosimamia huduma zote za Linux: hutuma ishara ya SIGTERM kwa kila huduma, husubiri hadi sekunde 90 kwa ile inayosuasua, kisha SIGKILL, hufunga mifumo ya faili, na ndipo nayo huita reboot uleule uliouita wewe. Kwa hiyo kwa programu ya kweli, isiyo zoezi la darasani, acha wito na uombe:

`execl("/usr/bin/systemctl", "systemctl", "reboot", (char *)NULL);`

Ukiweka `-f` moja, huduma haziagwi kwa utaratibu lakini programu zinauawa na mifumo ya faili inafungwa. Ukiweka `-ff`, umerudi kwenye kisu kilekile: hakuna kinachofungwa. Hiyo iweke akiba kwa siku ambayo systemd yenyewe imeganda.

Jambo dogo la kukufurahisha. reboot(RB_AUTOBOOT) ya maktaba ya C ni ganda tu. Wito halisi una hoja nne, na mbili za kwanza ni namba za ulinzi, ili programu iliyopotea njia isizime mashine kwa bahati mbaya. Ya kwanza ni 0xfee1dead. Ya pili ni 672274793, ambayo haina sura yoyote mpaka uigeuze kuwa heksadesimali: 0x28121969. Linus Torvalds alizaliwa tarehe 28 Desemba 1969. Ukikosea namba hizo unapata EINVAL, hata ukiwa root, yaani msimamizi mkuu.

Ukihamisha programu yako kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, kumbuka desturi ya kule ni tofauti: reboot huita sync yenyewe isipokuwa umeizuia kwa RB_NOSYNC. Na ukiijaribu ndani ya kontena (kisanduku kinachotenga programu) lenye namba zake za michakato (PID), tangu Linux 3.4 wito huo huua kontena tu. Mashine iliyolibeba haitikisiki. Docker, programu ya kuendesha kontena, kwa kawaida haikupi hata hiyo haki ya kuita.

Nikiandika `halt` kwenye kompyuta yangu ya zamani, skrini inaandika "System halted" lakini feni inazunguka na taa inawaka. Imeharibika?
*Fundi wa redio, Unga Limited, Arusha*

Haijaharibika, imekutii. Kusimamisha na kuzima ni amri mbili. `halt` husimamisha kazi na kuacha umeme ukipita, kwa kusubiri wewe ukate mwenyewe, kama zilivyokuwa kompyuta za swichi ya kukata umeme kabla ya pawa saplai za ATX. `poweroff` huongeza hatua moja: kerneli huandika kwenye rejista za ACPI (utaratibu wa kudhibiti umeme wa mashine) kwamba mashine iingie hali ya S5, yaani kuzimwa, na ubao mama huiambia pawa saplai izime. Hata hapo volti 5 za akiba zinaendelea kupita, ndizo zinazosikiliza kitufe chako. Ukitaka kufungua kasha, chomoa waya.

Tumia `poweroff` au `shutdown -h now`. Angalia herufi: kwenye systemd `-h` ndogo huzima umeme, `-H` kubwa husimamisha tu.

Maabara yetu ina kompyuta 24 za Windows 10. Nataka zizime zenyewe saa kumi jioni kila siku ya shule. Nimejaribu `shutdown /s /t 300` na wanafunzi wamelalamika kazi zao zimepotea. Pia kuna kompyuta tatu ambazo hata zikizimwa kila siku, Task Manager inasema zimewaka siku 11. Nani anadanganya?
*Mwalimu wa TEHAMA, Majengo, Moshi*

Mwalimu, hakuna anayedanganya, ila Windows ina tabia mbili ambazo haizitangazi.

Ya kwanza: ukiweka `/t` yenye namba kubwa kuliko 0, Windows huongeza `/f` kimyakimya. Yaani dakika tano zikiisha, programu zinafungwa kwa nguvu bila kuuliza kama mtu ahifadhi kazi. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika Word bila kuhifadhi amepoteza. Zile dakika tano ndizo onyo lenyewe, kwa hiyo zifanye zionekane:

`shutdown /s /t 300 /c "Hifadhi kazi. Kompyuta inazima baada ya dakika 5."`

Mwenye kazi muhimu anaweza kusitisha kwa `shutdown /a` kabla muda haujaisha. Kama hutaki wanafunzi wajue hilo, usiliandike ubaoni.

Ya pili ni zile siku 11. Tangu Windows 8 kuna kitu kiitwacho Fast Startup. Ukibonyeza Shut down kwenye menyu, Windows humtoa mtumiaji, kisha huihifadhi kerneli kwenye diski kama mtu anayelala, haiizimi. Asubuhi inaamshwa, haianzi upya; ndiyo maana saa ya kuwaka haianzi sifuri. Restart, kinyume na watu wengi wanavyodhani, ndiyo inayosafisha kabisa. Amri ya `shutdown /s` bila `/hybrid` nayo huzima kabisa, kwa hiyo kompyuta zako tatu huenda wanafunzi wanaziwahi na kuzizima kwa menyu kabla ya saa kumi. Kwa maabara tunashauri uizime tabia hiyo: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Utapata pia nafasi ya diski, maana faili la usingizi linafutwa. Kasi ya kuwaka itapungua kidogo kwenye diski za kuzunguka.

Kupanga ratiba, kwenye kila kompyuta, ukiwa msimamizi:

`schtasks /create /tn ZimaMaabara /tr "shutdown /s /t 300" /sc weekly /d MON,TUE,WED,THU,FRI /st 15:55 /ru SYSTEM`

Onyo lianze 15:55 ili kuzima kuangukie 16:00. Na hapa kuna mtego wa kwetu: saa kumi jioni kwa kompyuta ni 16:00. Tumeshaona ratiba ikiandikwa 10:00, na maabara ikazima saa nne asubuhi somo likiwa limekolea. Ujumbe wa `/c` ndani ya schtasks unahitaji alama za kunukuu ndani ya alama za kunukuu, `\"hivi\"`. Rahisi zaidi ni kuweka amri yote kwenye faili la .bat na kuliita hilo.

Naandika programu ya kuzima Windows kwa ExitWindowsEx. Inarudisha 0, na GetLastError inasema 1314, ingawa nimeingia kama msimamizi.
*Mwanafunzi, Njiro, Arusha*

Namba 1314 maana yake haki haipo mkononi. Tofauti na Linux, kwenye Windows haki ya kuzima unayo lakini imezimwa ndani ya tokeni yako, yaani hati ya haki za programu yako; lazima uiwashe kwanza. Hatua ni tatu: OpenProcessToken ukiomba TOKEN_ADJUST_PRIVILEGES na TOKEN_QUERY, LookupPrivilegeValue kwa SE_SHUTDOWN_NAME, halafu AdjustTokenPrivileges ukiweka SE_PRIVILEGE_ENABLED. Wengi hukwama hatua ya tatu, kwa sababu AdjustTokenPrivileges inarudisha "nimefaulu" hata pale ambapo haikukupa kitu. Iulize GetLastError papo hapo. Ikisema 1300, yaani ERROR_NOT_ALL_ASSIGNED, hukupewa.

Kisha `ExitWindowsEx(EWX_REBOOT | EWX_FORCEIFHUNG, ...)`. EWX_FORCEIFHUNG hulazimisha programu zilizoganda tu. EWX_FORCE huzifunga zote bila kuziuliza, na hiyo tunaipinga isipokuwa una sababu. Kumbuka kwamba wito huu unarudi mara moja huku kuzima kukiendelea nyuma. Jibu lisilo sifuri maana yake ombi limepokelewa. Programu nyingine bado inaweza kulikatalia kwa kujibu FALSE kwenye ujumbe wa WM_QUERYENDSESSION.

Nyumba yetu ya wageni ina seva moja ya Linux ya vyumba na malipo, iko kwenye UPS (betri ya akiba) iliyounganishwa kwa USB. Tumeweka NUT, programu ya kuiangalia UPS, na umeme ukikatika seva inajizima vizuri. Taabu ni umeme ukirudi: mara nyingi seva haiwaki mpaka mtu akabonyeze kitufe, na chumba chake hufungwa usiku. Pia kuna siku UPS ilionyesha asilimia 40 kisha ikazima ghafla kila kitu. Mnashauri nini?
*Meneja, Usa River, Arusha*

Barua hii tumeipenda, kwa sababu kila sehemu inafanya kazi yake sawasawa na bado matokeo ni mabaya.

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama. Tafuta mahali palipoandikwa "Restore on AC Power Loss", au kwa ubao mwingine "After Power Failure". Pengine pamewekwa "Last State", yaani rudi hali uliyokuwa nayo. Lakini NUT imeizima seva kwa utaratibu, hivyo hali ya mwisho ni "imezimwa", na ubao mama unaiheshimu. Weka "Power On".

Hilo litatibu nusu. Nusu nyingine ni ya kuvizia. Umeme unakatika saa nane usiku. Betri inafika chini, upsmon, sehemu ya NUT inayofuatilia UPS, inaamuru kuzima. Seva ikiwa katikati ya kujizima, umeme unarudi. Seva inamaliza kulala, lakini UPS haijawahi kukata umeme kwenye soketi zake hata sekunde moja. Kwa ubao mama hakuna umeme uliopotea, kwa hiyo hakuna umeme uliorudi, na "Power On" haina la kufanya. Itakaa hivyo hadi asubuhi.

Dawa ni UPS ikate umeme kwa makusudi hata kama wa gridi umesharudi, kisha iuachie tena. NUT inalijua hilo. Hakikisha upsmon.conf ina mistari hii:

```
SHUTDOWNCMD "/sbin/shutdown -h +0"
POWERDOWNFLAG /etc/killpower
```

Hatua ya mwisho kabisa ya kuzima, faili hilo likionekana, huendeshwa `upsdrvctl shutdown`, nayo huiambia UPS: hesabu sekunde kadhaa, kata, kisha rudisha. Kwa dreva ya usbhid-ups hesabu ya kawaida ni sekunde 20 kukata (offdelay) na 30 kurudisha (ondelay). Zinawekwa kwenye ups.conf, na ya kurudisha lazima iwe kubwa kuliko ya kukata, la sivyo UPS inaweza kugoma. Kama diski zako huchelewa kutulia, panua: offdelay = 60, ondelay = 120.

Ijaribu siku isiyo na wageni wengi, mchana. Chomoa plagi ya UPS ukutani, andika `upsmon -c fsd`, usubiri. Seva izime, kisha usikie UPS ikikata yenyewe. Rudisha plagi, seva iwake bila kidole. Rudia, safari hii ukirudisha plagi wakati seva bado inazima, maana hilo ndilo linalokusumbua. UPS isipokata, huenda ni zile zinazotoa taarifa za betri kwa USB lakini hazipokei amri. Hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa, ni kubadili UPS.

Kuhusu asilimia 40: upsmon husubiri UPS yenyewe iseme betri iko chini. Betri ya asidi iliyochoka husema uongo. Volti zake huonekana sawa mpaka mzigo uzidi, kisha huporomoka. Usiiachie UPS uamuzi. Kwenye ups.conf, chini ya jina la UPS yako, ongeza:

```
ignorelb
override.battery.charge.low = 60
```

Sasa seva itaanza kuzima ikifika asilimia 60. Hesabu kidogo: UPS yenye betri mbili za volti 12 na Ah 9 ina Wh 216. Seva, ruta na swichi vikila wati 180, karatasi inasema dakika 72. Usitegemee zaidi ya nusu yake hata betri zikiwa mpya, kwa sababu betri ya asidi ikitolewa haraka haitoi ujazo wake wote, na kibadilishi nacho hula chake. Miaka mitatu ndiyo umri wa kuanza kuzitilia shaka. Joto huziua mapema zaidi, na wenzetu wa Moshi wanapaswa kulichukulia hilo kwa uzito kuliko sisi wa Arusha, maana mji wao uko chini na una joto zaidi. UPS iliyofichwa kabatini, Moshi au Usa River, ni UPS inayopikwa.

Kama mna jenereta inayowaka yenyewe ndani ya dakika moja au mbili, msiweke kipima muda cha kuzima baada ya sekunde 30. Mtazima bure kila siku.

Kompyuta ya kaunta kwenye steshenari yangu inatumia Linux. Wateja wanaosubiri huchezea kibodi, wakibonyeza Ctrl-Alt-Del kwenye skrini nyeusi ya kuingilia, mashine inajiwasha upya nikiwa naprinti. Nifanyeje?
*Mwenye steshenari, karibu na stendi, Moshi*

Dada au kaka, tibu mara mbili. Kwanza: `sudo systemctl mask ctrl-alt-del.target`. Hapo kubonyeza mara moja hakufanyi kitu. Lakini mtoto akizibonyeza zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde 2, systemd huchukulia kuwa mambo yameharibika na huwasha upya kwa nguvu. Fungua /etc/systemd/system.conf, weka `CtrlAltDelBurstAction=none`, kisha `sudo systemctl daemon-reexec`.

Chini ya yote hayo kuna wito uleule wa reboot tulioueleza kwa mwanafunzi wa Sakina. Una amri ndogo mbili zisizozima kitu, za kuwasha na kuzima Ctrl-Alt-Del tu. Ikiwa imezimwa, kerneli haifi papo hapo. Hutuma SIGINT kwa mchakato namba 1, nao ndio unaoamua.

Nina Raspberry Pi kwenye kibanda cha shambani, inapima mvua na joto. Kadi ya SD imeharibika mara mbili kwa kuchomoa umeme. Nataka kitufe cha kuzimia. Na ikiganda, nani ataiwasha upya, shamba liko mbali?
*Mkulima wa kahawa, Machame, Moshi*

Kwenye /boot/firmware/config.txt, au /boot/config.txt kwa matoleo ya zamani, ongeza `dtoverlay=gpio-shutdown`. Unganisha kitufe cha kubonyeza kati ya pini namba 5 na namba 6. Ukibonyeza, inazima kwa utaratibu. Ukibonyeza tena, inawaka.

Ila simama kwanza. Pini 5 ni GPIO3, na ndiyo hiyohiyo inayobeba saa ya I2C, njia ya mawasiliano ya vipimo vingi. Kama kipimajoto chako kinatumia I2C, kitufe na kipimo vitagombana na Pi itazima yenyewe. Tumia pini nyingine: `dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=21`, kitufe kikae kati ya pini 40 na 39. Gharama yake ni kwamba pini hiyo haiwezi kuiamsha. Kuwasha itabidi uchomoe umeme na kurudisha. Kabla ya kuchomoa, subiri taa ya kijani iache kabisa kumetameta. Nyekundu itabaki inawaka, kwa sababu Pi ikizima haikati umeme wake yenyewe, na betri yako ya sola inaendelea kunyonywa kidogokidogo.

Kuganda kunatibiwa na mlinzi wa ndani ya chipu. Kwenye /etc/systemd/system.conf weka `RuntimeWatchdogSec=10`. systemd itakuwa inamgusa mlinzi huyo mara kwa mara. Ikikaa kimya sekunde 10, chipu inajiwasha upya bila kumuuliza mtu. Kuwashwa huko si kwa adabu: hakuna sync, hakuna kufunga faili. Kwa hiyo kinga kadi kwa kuwasha Overlay File System kwenye raspi-config, ili mfumo usiandikwe kabisa, na vipimo vyako viandike kwenye flashi ya USB, kila kipimo kikifuatwa na fsync. Kipimo kimoja kwa dakika 10 hakiichoshi flashi.

Nimeandika `sudo poweroff` nikidhani niko kwenye kompyuta yangu, kumbe ni dirisha la SSH (njia ya kuingia mashine ya mbali) la seva ya tawi la mbali. Kuna kinga?
*Fundi wa mtandao, Arusha mjini*

Pole. Kwenye Debian na Ubuntu, `sudo apt install molly-guard`. Ukiwa umeingia kwa SSH na kuandika poweroff, reboot, halt au shutdown, itakutaka uandike jina la mashine unayotaka kuzima. Ukiandika la kompyuta yako, inagoma. Haikingi `systemctl poweroff` kwenye kila toleo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa seva isiyo na watu. Na ukiwa mbali, pendelea `shutdown -h +2`: una dakika mbili za kushtuka na kuandika `shutdown -c`.